Sidiria Niliyoikaza Mwenyewe

Kama umefanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti na leo umesimama mbele ya kioo, ukaona vitu viwili vimepanda karibu na mifupa ya shingo, vigumu, vimebana, havifanani na ulichotarajia wala havifanani vyenyewe kwa vyenyewe, keti kwanza. Ulivyo leo sivyo utakavyobaki. Daktari wangu aliniambia maneno hayo mara tatu, na mara zote tatu niliitikia kwa kichwa nikijua moyoni kwamba ananituliza tu. Ndiyo maana naandika. Pengine ukiyasikia kwa mtu aliyekuwa na haraka kama yako, utayaamini.

Mimi ni fundi wa nguo mjini Awendo. Duka langu lina cherehani mbili, meza ya kukatia na pazia la kupimia nguo, na liko upande wa barabara ambapo trela za miwa hupita zikidondosha mabua. Watu huniita Mama Stacy. Nimezaa watoto watatu na wote niliwanyonyesha mpaka wakachoka wenyewe. Walipoondoka kifuani waliondoka na kila kitu. Kazi yangu ni kuzungusha utepe kwenye vifua vya wanawake wengine, na kwa miaka mingi nilifanya kazi hiyo nikiwa nimejaza sponji ndani ya blauzi yangu. Siku moja nilipiga magoti kanisani, sponji moja ikapanda mpaka kwenye kola. Mwanamke wa pembeni yangu aliinama akasali kwa bidii sana, mabega yakimtetemeka.

Wapo watakaosema huu haukuwa ugonjwa. Ni kweli, niliingia kliniki nikiwa mzima na kwa miguu yangu. Lakini mwili ukishakatwa hauulizi ulikatwa kwa sababu gani. Unavimba, unauma, unachoka na unapona kwa njia zake zilezile.

Mume wangu, Ouko, ni dereva wa trekta la miwa. Nilimwambia tukiwa tunakunywa chai.

"Hayo yako yana shida gani?" akaniuliza.

"Hayana shida. Ni mimi nataka."

"Mimi sijawahi kulalamika."

"Najua."

"Basi usiambie watu ni mimi nilikutuma." Akamaliza chai yake, akaenda kuangalia magurudumu ya trekta ambayo alikuwa ameyaangalia dakika chache zilizopita.

Nilichagua mwezi wa Februari. Januari fundi hana nafasi hata ya kuugua, maana kila mzazi anataka sare ya shule. Februari jua linawaka, barabara ni vumbi tupu, na cherehani zinapumzika. Upasuaji ulifanyika Kisumu. Siwezi kusema mengi juu yake kwa sababu nilikuwa nimelala. Ninachokumbuka ni chumba cha kusubiri kabla yake: viti laini, maji baridi ya kunywa, na wanawake wanne ambao hatukutazamana hata mara moja. Kila mmoja alikuwa amekumbatia mkoba wake kifuani, nami pia.

Sikurudi Awendo moja kwa moja. Wateja wangu wana mazoea ya kunifuata mpaka chumbani kuuliza kama gauni liko tayari. Nilikwenda Homa Bay kwa mdogo wangu Akoth, ambaye ni mwalimu wa chekechea na amepanga nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko. Alinipa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi.

Wiki hizo za kwanza nitakueleza jinsi zilivyo, usije ukashtuka. Unalala chali, umeegemea mito, kama mtu anayesubiri mgeni. Kifua kinabana kana kwamba mtoto mkubwa amekukalia na amekataa kushuka. Mikono inafanya kazi kuanzia viwiko kwenda chini tu. Kuchana nywele, kuvuta nguo kwa kichwa, kufungua dirisha, kusonga ugali, yote hayo unafanyiwa. Wakati mwingine unasikia kitu kama maji kikicheza ndani, na wakati mwingine chuchu inachomwa ghafla kama na sindano, kisha inanyamaza. Nilipopiga simu kliniki waliniambia hiyo ni mishipa ya fahamu inaamka. Ngozi ya chini ilikuwa na ganzi. Akoth akinipangusa kwa kitambaa cha moto, upande mmoja nilihisi joto, upande mwingine nilihisi tu kwamba kuna mkono.

"Inua kidogo," alikuwa akisema.

"Siwezi."

"Ulikuwa unanibeba mgongoni mpaka mtoni. Leo hata kwapa haiinuki." Kisha tulicheka, na kucheka kuliuma, nikamwomba anyamaze.

Kliniki ilikuwa imeniruhusu kubadilishiwa bendeji mahali pa karibu, hivyo nilikwenda kituo kimoja cha afya mjini hapo. Siku hiyo ilikuwa siku ya chanjo. Nilikaa benchi moja na kina mama wenye watoto wachanga, kifua changu kimetuna chini ya leso kuliko cha yeyote pale. Mama mmoja, muuza dagaa wa omena kwa harufu ya mikono yake, alinitazama kwa huruma.

"Mtoto ako wapi?"

"Ako nyumbani."

"Na umemwacha na maziwa imejaa hivyo? Yawa! Kamua hata kidogo, nyaminwa, dada yangu, hiyo itaoza ndani."

Mama wa upande wa pili akaunga mkono, akaniambia kuna kitana cha mbao ambacho ukikipitisha kwa ziwa na maji moto, maziwa yanashuka yenyewe. Walikuwa wema kweli. Mmoja alijitolea hata kunisaidia pale pale. Nilishukuru nikasema daktari amenikataza, na nilipoitwa nilinyanyuka haraka kuliko nilivyoruhusiwa.

Mama yetu anaishi ndani kidogo kutoka Rodi Kopany. Akoth alikuwa amemwambia kwa simu kila kitu, kwa ruhusa yangu, maana sikutaka asikie neno upasuaji na neno titi akadhani nina saratani. Alikuja na kuku, viazi vitamu na uso usiosema kitu. Akaketi kando ya kitanda.

"Maziwa hayo yamelea watoto watatu," akasema. "Yalikukosea nini?"

Akaenda jikoni akapika uji, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza. Hakulizungumzia tena siku zile. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Niliporudi Awendo bado sikuruhusiwa kuinua kitu kizito, na pasi yangu ya makaa ni nzito kama jiwe la kusagia. Ouko ndiye aliyepiga pasi. Alikuwa akitoka shambani na masizi ya miwa iliyochomwa kwenye nyusi, ananawa mikono mpaka viwiko, anasimama mezani. Wenzake wakipita walimchokoza.

"Ouko, umekuwa fundi siku hizi?"

"Mpaka mwenyewe apone mgongo." Mgongo ndio tuliowaambia watu.

"Na ukimaliza hizo, nilete yangu?"

"Leta na mke wako."

Aliunguza kola moja ya shati la kwaya. Kila nikikumbuka mambo mema ya mwaka ule, kola ile iko mbele. Lakini nyumbani alilala kwenye godoro la watoto. Alisema anaogopa kuniumiza. Nilijua kuna kingine, na sikuuliza.

Sasa nifike kwenye kushuka kwenyewe, kwa sababu ndicho unachosubiri.

Vifuko vya silikoni vikiwekwa chini ya msuli wa kifua, msuli unavikataa mwanzoni. Unavisukuma juu. Kwa hiyo sehemu ya juu inajaa na ya chini inakuwa bapa, kama gunia lililofungwa vibaya. Kisha polepole msuli unachoka kushindana, ngozi ya chini inanyooka, na kifuko kinakaa. Hakuna siku utakayosema leo kimeshuka. Asubuhi moja utapitisha kidole juu na kukuta pamelainika. Baada ya muda utaona chini pamejaa. Ni kazi ya miezi, si ya wiki.

Mimi nilikuwa nikijipima kila asubuhi. Ndiyo, kwa utepe wa dukani. Kutoka mfupa wa shingo hadi kwenye chuchu, kulia, kisha kushoto. Nakuomba usifanye hivyo. Utepe unaonyesha leo tu, na leo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kujihukumu. La kulia lilianza kushuka mapema. La kushoto lilikaa pale pale, gumu, limenuna.

Nilipokwenda Kisumu kwa kuangaliwa mara ya pili, daktari, mama mmoja mpole mwenye mikono baridi, alibonyeza pande zote mbili akaridhika.

"La kushoto litafuata," akasema. "Hayashuki pamoja. Huu ukanda wa juu unaoyasukuma chini endelea kuuvaa saa chache mchana, ukaze sawasawa pande zote. Sidiria tuliyokupa usiivue. Usiongeze, usipunguze."

"Na lisiposhuka?"

"Litashuka. Rudi mvua zikiwa zimekolea, tuangalie tena."

Ningemuuliza swali moja tu zaidi, kwa nini la kushoto ndilo limechelewa, angeniuliza ninatumia mkono gani. Mimi ni wa kushoto. Nakata nguo kwa kushoto tangu nilipojifunza kazi, na mkasi wa fundi si mwepesi. Msuli wa upande ule una nguvu kuliko mwenzake, kwa hiyo ulishindana kwa muda mrefu zaidi. Hakukuwa na kosa lolote. Lakini hilo nililijua baadaye. Wewe uliza mapema. Uliza mpaka wachoke.

Wakati huohuo mambo ya Akoth yalikuwa yameiva. Kijana aliyekuwa naye kwa miaka mitatu aliamua kuja nyumbani kwa ayie, siku ile ambayo upande wa mwanamume unamletea mama wa msichana sehemu ya kwanza ya mahari ili mama atamke kwamba amekubali. Ilipangwa baada ya Pasaka. Wanawake wa nyumba yetu tungevaa kitenge kimoja cha buluu, na bila shaka fundi nilikuwa mimi. Nilishona gauni la mama, la mashangazi, la Akoth mwenyewe. La kwangu nililiacha mwisho. Nililikata kwa umbo nililolitaka, si umbo nililokuwa nalo, nikijiambia mpaka siku yenyewe mwili utakuwa umefika.

Nilipolivaa nyuma ya pazia, upande wa kulia ulikaa kama umechorwa. Wa kushoto ulivuta, mshono wa begani ukapinda.

Nimekaa kwenye cherehani zaidi ya nusu ya maisha yangu. Mteja akija na bega moja limeshuka, nalegeza pale, nakaza pale, na nguo inamkubali. Sijawahi kumwambia mteja abadilishe bega. Lakini siku ile niliweka gauni pembeni, nikachukua sidiria ya kliniki.

Nilifanya kazi safi, nakiri. Nilifumua mshono wa chini upande wa kushoto, nikatoa kile kitambaa kigumu kinachobeba uzito, ili titi lipate nafasi ya kushuka. Kisha nikauchukua ule ukanda wa juu, nikaushonea kwenye sidiria, na upande wa kushoto nikaweka lastiki mara mbili ili ulisukume kwa nguvu. Badala ya saa chache mchana, nikaivaa mchana na usiku. Nilijisikia mwenye akili. Daktari ana ujuzi wake, nilijiambia, lakini mambo ya sidiria mimi ndiye ninayeyajua.

Akoth alikuja Awendo kujaribu gauni lake, akaniona nikibadilisha blauzi.

"Sista, hiyo ni ya daktari ama ni yako?"

"Ni ya daktari. Nimeirekebisha."

"Alikwambia urekebishe?"

"Akoth, nani hapa ni fundi?"

"Wewe ni fundi wa nguo," akasema. Hakuinua sauti. Niliingiza pini kwenye upindo wa gauni lake, nikazunguka mpaka upande wa pili.

Na lilishuka! Hilo ndilo linaloniuma. Kama lingekataa ningeacha. Ndani ya wiki chache lilikuwa sawa na mwenzake. Siku ya ayie nilivaa lile gauni la buluu, nikapita katikati ya uwanja na beseni la kunawisha wageni mikono, na hakuna mshono uliovuta. Shangazi zangu walinizunguka.

"Nyar owadwa, binti wa kaka yetu, unakula nini huko Awendo?"

"Miwa."

"Basi mimi nahamia huko na hawa ng'ombe wa mahari wakija."

Wakaanguka kwa kicheko. Ouko alikuwa ameketi na wakwe, na alinitazama zaidi ya ilivyo desturi ya mtu mzima kutazama mkewe mbele za watu, yaani alinitazama kisha akaondoa macho haraka, kisha akatazama tena. Mama alisema amekubali, wanawake wakapiga vigelegele. Sitakudanganya ili hadithi yangu ipendeze: nilifurahi. Ilikuwa siku nzuri.

Usiku wa siku iliyofuata nilivua ile sidiria nikarudia ya kawaida, nikidhani kazi imekwisha. Lakini titi halikujua kwamba imekwisha. Ngozi ya chini ilikuwa imenyooshwa kabla ya kupata nguvu, na haikuwa na kitu cha kulizuia. Mvua zilipoanza kunyesha kwa uzito, njia ya dukani ikageuka tope, la kushoto lilikuwa bado linaenda. Nilijua kwa kovu. Kovu lilikuwa limefichwa kwenye mkunjo wa chini. Sasa lilionekana mbele, limepanda juu ya titi lenyewe. Kwa kweli halikupanda. Ni titi lililokuwa limeteremka na kulipita. Chuchu ikawa inatazama juu, kama mtu anayehesabu mabati ya paa.

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Nilirudia sponji, safari hii upande mmoja. Nililia nyuma ya pazia la kupimia, nikiwa nimewasha cherehani ya umeme ili msichana niliyemwajiri kwenye cherehani ya pili asisikie.

Kule Kisumu, viti vilikuwa vilevile na mimi nilikuwa nimekumbatia mkoba vilevile. Ndani ya mkoba mlikuwa na sidiria, kwa sababu nilijua nikiulizwa nitashindwa kueleza. Daktari aliniangalia kwa muda mrefu bila kubonyeza.

"Ulianguka?"

"Hapana."

"Ulibeba kitu kizito?"

Nikaitoa ile sidiria nikampa. Aliigeuza ndani nje, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akafuata mshono kwa ukucha.

"Nani alishona hii?"

"Mimi."

"Kazi nzuri sana," akasema, na hakuwa akinidhihaki. Kisha akaikunja taratibu. "Mama, mimi nilikuwa nimejenga mfuko ndani ya mwili wako. Sehemu ya chini ya mfuko ule ilikuwa haijakauka. Wewe umeukanyaga kila siku, mchana na usiku."

"Litapanda tena?"

"Lenyewe, hapana."

Akanieleza njia mbili. Ningeweza kuliacha hivyo, kwa sidiria nzuri, kwa kuwa halikuwa linahatarisha maisha. Au angefungua kovu lile, aushone mfuko upya kutoka ndani, kisha miezi yote ianze tena: mito, mikono isiyoinuka, kusubiri. Akaongeza kwamba kukata mahali palepale mara ya pili kuna gharama yake kwa mishipa ya fahamu. Huenda ganzi isiondoke. Alinitaka nifikirie, na nisije kabla mwili haujatulia.

Nilimweleza Ouko yote.

"Ulijishonea mwenyewe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukungoja?"

"Gauni lilikuwa linavuta."

Akatikisa kichwa. "Mimi nikibeba miwa na trela imeinama upande, nasimama. Sisukumi." Kisha akasema tutaenda pamoja.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Alikaa kwenye kile chumba cha viti laini, mwanamume pekee, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, mkoba wangu magotini. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba hata alipokwenda chooni alikwenda nao. Tuliporudi nyumbani hakurudi tena kwenye godoro la watoto. Alilala kando yangu, chali kama mimi, tumepangwa kama mbao mbili, na wakati wa kukohoa alinishikia mto kifuani.

Mara hii sikujipima. Cherehani niliifunika shuka mpaka daktari aliponiruhusu, na ukanda niliuvaa kama nilivyopewa, hata ulipokuwa umeshonwa vibaya na lastiki yake ikipinda, nami nikiiona inapinda kila siku ya Mungu. Mama alikuja tena na uji. Safari hii aliongea. Alisema kwamba yeye pia, tulipokuwa wadogo, aliwahi kujitazama kwenye maji ya karai akatamani arudishiwe alivyokuwa. "Lakini sisi hatukuwa na mahali pa kwenda kuomba," akasema. "Ninyi mnapo. Sasa mkienda, sikilizeni aliyewapa."

Mvua za vuli zilipokwisha, la kushoto lilikuwa limekaa. Si sawa kabisa na mwenzake. Fundi anaona, wengine hawaoni. Kovu limerudi kwenye mkunjo wake. Nikivaa gauni linakaa. Kwa hiyo kama unauliza kama nilipona, nilipona. Naona ni haki uyajue hayo pia, usije ukafikiri kosa moja linafunga milango yote. Mwili una huruma kuliko tunavyostahili.

Lakini kuna kitu hakikurudi, na sikuwa na maneno ya kukieleza mpaka juzi.

Msichana mmoja kutoka Uriri aliingia dukani akiwa amejitanda leso wakati wa joto. Alisubiri wateja wote watoke. Akaniuliza kama ni mimi Mama Stacy, kisha akatoa kitu kwenye mfuko wa karatasi akakiweka mezani. Nilikijua kabla hajakifunua. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wiki chache tu zilizopita.

"Anti, nimesikia kule kliniki kwamba wewe unajua kushona hizi. Hii ya kulia imekataa kushuka. Nikazie tu huku juu, kidogo."

"Daktari amesema nini?"

"Anasema ningoje." Macho yake yalijaa. "Anti, mimi naonekana kama nimepigwa. Siwezi ngoja. Wewe fanya kidogo tu, hata yeye hatajua."

Nilimwonea huruma. Nilimweleza yote niliyokuandikia wewe, la msuli, la mkono unaoutumia zaidi, la ngozi isiyokauka. Aliitikia kwa kichwa, na nilitambua kuitikia kule, kwa kuwa nilikufanya mwenyewe mara tatu. Akaisogeza sidiria karibu na mkono wangu.

Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya pazia, nikafungua vifungo vya blauzi yangu. Nikafumba macho.

"Weka kidole hapa, chini ya titi la kushoto. Niambie ukigusa."

Nilingoja. Trela moja ilipita nje, glasi ya dirisha ikatetemeka. Niliendelea kungoja.

"Basi gusa," nikamwambia.

"Nimegusa, anti," akasema kwa sauti ndogo. "Si kidole. Nimeweka mkono wote. Uko hapo tangu uliposema."